Mbuzi wa Kila Juni

"Uza," Kipkosgei alisema tena, akipangusa vumbi la mahindi kwenye kofia yake. "Uza hizo hisa zote, Mama Kiplimo, twende kwa hao watu tukiwa watu."

Jepkoech hakuinua uso. Alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia nyuma ya maghala ya Kitale, mahali pake pa siku zote, shazia mkononi, ile sindano nene ya kushonea magunia. Alikuwa akiziba tundu lililotafunwa na panya. Kiraka alikuwa amekikata kikubwa kuliko tundu lenyewe, maana tundu la gunia halina adabu, hukua. Alivuta uzi wa katani, akaukata kwa meno, ndipo akajibu.

"Shemeji, nilikuambia. Siuzi."

"Si ni za huyo kijana wako? Ama unamwekea nani?"

Kipkosgei alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, na alikuwa ametoka Sirisia kuja kuwa msemaji wao. Jumamosi wangekwenda kwa Mzee Wahome, nje kidogo ya mji, kumposea Kiplimo binti aliyeitwa Nduta. Alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Alipokufa ndugu yake yeye ndiye aliyehangaikia mazishi, na hakuwahi kumgusia mjane habari ya shamba. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kupenda sifa. Alitaka habari zifike Sirisia kabla yake kwamba ukoo wao umelipa mahari yote kwa siku moja.

"Hao ni watu ya biashara, bana," alisema. "Wanataka pesa mkononi. Ukiwaambia ati utalipa pole pole, watakuona kama mtu amekopa pikipiki."

"Nitapeleka ile hisa zimeleta Juni hii. Mbuzi watatu, wazuri."

"Mbuzi watatu!" Kipkosgei aliivaa kofia yake kama mtu aliyetukanwa, akaenda zake.

Hisa zenyewe zilikuwa za kampuni ya sabuni. Jepkoech hakuwa amesomea mambo hayo popote. Zamani, Kiplimo akiwa darasa la kwanza, Fridah, rafiki wa Jepkoech, alikuwa akifagia ofisi ya dalali wa hisa mjini Bungoma, na siku moja alimsimulia alichokiona kwa macho yake. Kila mwaka gawio la faida linapotoka, wazee wastaafu hufika pale ofisini. Wengine huja wamenuna, wengine huja kugombana na dalali. Wale wa kampuni ya sabuni huja wakicheka, mwaka baada ya mwaka. "Mimi hisa sijui," Fridah alisema, "lakini hao wazee naona wanalala usingizi." Wiki hiyo hiyo Jepkoech alichukua pesa za magunia, akaenda Bungoma, akanunua hisa za sabuni. Zilikuwa chache hata dalali akamwuliza kama hakukosea.

Gawio la kwanza lilitosha sukari na majani ya chai. La pili likapanda kwa senti chache, na la tatu vivyo hivyo. Akaona kwamba watu hawa hawarudi nyuma. Kila lilipokuja alinunulia hisa nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, watu husema, na wengi huishia kusema. Bei ya hisa ilipanda na kushuka kama bei ya mahindi, na iliposhuka wenzake walikimbilia kuuza. Yeye alinunua. Gunia lililochanika hununuliwa Julai wakati hakuna anayelitaka, haliwezi kununuliwa Novemba mahindi yakiwa yamemwagika uwanjani.

Mwaka wa korona, masoko yalipofungwa na magunia yakakosa mnunuzi, aliingoja Juni roho mkononi. Simu ikalia. Gawio lilikuwa limepanda senti tano kwa kila hisa. Senti tano tu, lakini zimepanda! Alifunga kazi mapema, akanunua nyama nusu kilo, akampikia Kiplimo bila kumwambia sababu. Hakuwa amewahi kujivunia kitu maishani kama alivyojivunia zile senti tano.

Ndizo hisa ambazo shemeji yake alitaka ziuzwe.

Jumamosi walifika kwa Wahome jua likiwa limechangamka. Mbuzi watatu walifungwa kando ya zizi la ng'ombe. Mahindi yalikuwa marefu kuliko mtu, yamezunguka boma pande zote, na chini ya turubai viti vilikuwa vimepangwa kwa safu mbili zinazotazamana. Wazee walikaa mbele. Wanawake walikaa upande wao, kwani katika kikao cha namna hii mama wa kijana huulizwa kama ameshiba, haulizwi neno jingine. Kiplimo, fundi wa matrekta, alikuwa amevaa koti la kuazima na hakujua mikono yake aiweke wapi. Nduta alikuwa ndani na wenzake, nyuma ya pazia lililotikisika mara kwa mara.

Walikula, wakaomba, wakataniana. Kisha Wahome akataja mahari. Aliitaja polepole, mbuzi na vitu vyote vya desturi, akamgeukia mgeni wake amsikie.

Kipkosgei akainuka, akaivua kofia.

"Wazee," alisema, na sauti yake ikavuka turubai. "Sisi hatukukuja kuongea mingi. Mama wa kijana ako na hisa, na ameamua atauza zote. Wiki ijayo tunaleta kila kitu. Tunamaliza! Hatutaki deni ya mtu."

Jepkoech alisikia damu ikimpanda masikioni. Alimtazama Kiplimo, naye Kiplimo alikuwa akimtazama yeye, macho yakimwomba kitu ambacho hata kijana mwenyewe hakukijua. Akinyamaza, miaka yote ile ya katani na viraka ingekwisha wiki ijayo, kwa neno la mtu mwingine. Akisema, angekuwa mwanamke aliyemwaibisha msemaji wake mbele ya wakwe, na huenda posa ikafia pale pale. Hakuna aliyepiga makofi. Jepkoech hakuligundua hilo, maana hakuwa akisikiliza.

Akasimama.

"Wazee, mnisamehe. Shemeji amesema hivyo juu ya kutupenda. Lakini hizo hisa siuzi."

"Mama Kiplimo, keti," Kipkosgei alimnong'oneza.

"Nitaketi, shemeji. Wacha nimalize." Akawageukia wenyeji. "Mimi ni mtu wa kushona magunia. Hizo hisa nimenunua kidogo kidogo tangu huyu kijana akiwa mdogo. Kila Juni kampuni inanitumia pesa, na sijaona Juni hata moja hiyo pesa ikose kupanda. Hawa mbuzi watatu ni wa Juni hii. Juni ingine nitaleta wengine. Pesa ikipanda, na mbuzi wapande. Ile ingine yote, siwezi kumaliza leo. Nikimaliza leo, mwaka ujao nitakuja hapa na nini?"

Kipkosgei aliikunja kofia yake katikati. Jepkoech aliogopa, tusidanganyane. Lakini hakuketi. Lilikuwa jambo geni kwake kusikia maisha yake yakisemwa kwa sauti, na kuyaona yanasimama yenyewe.

"Na hiyo kampuni ikianguka?" Wahome aliuliza.

"Ikianguka, Baba Nduta, nitashona. Hata kabla yake nilikuwa nashona."

Mwanamke mmoja akacheka. Alikuwa Rahab, mama mzazi wa Wahome, bibi mkongwe aliyekuwa amejifunga leso mbili na ambaye watu walidhani amesinzia.

"Wahome," alisema, "huyu mzee wa kofia alisema ati wanamaliza?"

"Alisema hivyo, mama."

"Mtu akinunua gari ndio anamaliza. Mtoto wa watu anamalizwa?" Akamwelekezea Kipkosgei kidole, bila hasira. "Baba ya huyu Wahome alikufa kama bado ako na deni ya mbuzi ya baba yangu. Kila mwaka alikuwa anapeleka mmoja, wanakula, wanagombana, wanacheka. Na mimi naenda na yeye. Sasa angemaliza, nani angenirudisha kwetu nione mama yangu?"

Sasa makofi yalipigwa, na Kiplimo akapata mahali pa kuiweka mikono yake.

"Mimi nilifikiria..." Kipkosgei alianza.

"Ulifikiria tunauza," Wahome alisema. Alisema akitabasamu, lakini mwiba ulikuwemo, na Kipkosgei aliusikia.

"Nilikosea, mzee," akasema. Halafu, kwa kuwa sifa haimtoki mtu kwa siku moja, akaongeza, "Lakini hiyo kampuni, ata mimi nasikia ni ya nguvu sana."

Hata wazee wakacheka. Rahab alipigapiga kiti kilichokuwa kando yake. "Mama, kuja hapa. Kuja unieleze hiyo sabuni ni gani. Isikuwe ni ile mimi nafulia."

Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Walizungumza mpaka chai ikapoa, bibi akitaka kujua kama kila kipande alichokinunua tangu ujana kimekuwa kikimlisha Jepkoech, na Jepkoech akikiri kwamba, ndiyo, kidogo. "Basi mahari nimejilipa mwenyewe!" Rahab alisema, akafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya leso. Jepkoech naye alicheka, na kichwa chake kilikuwa juu, kikakaa juu hadi walipoaga.

Walipokuwa wakielekea langoni, alimwona Wahome amevua koti lake zuri, amesimama kando ya zizi la ng'ombe akiwa na vigingi na kamba. Alikuwa akipima mahali pa kujenga banda la mbuzi. Kipkosgei, bila kuombwa, alikwenda akaishika ncha ya pili ya kamba, kofia ikiwa mfukoni. Wahome alikichomeka kigingi cha mwisho pale shamba la mahindi lilipoanzia, akarudi nyuma kutazama.

"Sogeza," Rahab aliita kutoka barazani.

"Mama, ni mbuzi watatu tu."

"Nimesema sogeza!"

Wahome alimtazama Jepkoech, kisha akayatazama mahindi yake yaliyokuwa yakianza kubeba. Akaking'oa kigingi. Akaingia shambani, akaanza kung'oa mstari wa kwanza kwa mikono, na Kipkosgei akamfuata na kamba.