Msalaba wa Hamse

Adeer Billow, kaka mkubwa wa babangu, hukagua meno ya ngamia kabla ya kumsalimia mwenye ngamia. Kwa hiyo Hamse alipobadilisha picha yake ya WhatsApp, nilijua harusi imeingia shimoni.

Hamse alikulia kambi ya wakimbizi ya Hagadera, akahamishiwa Ujerumani, akasomea uchongaji wa mawe. Sasa anakarabati kanisa la Gothiki la miaka mia saba, minara mirefu kama ina ugomvi na mawingu. Alikuwa amemposa Weris, binti ya Adeer, na nikaha ilipangwa baada ya Idd.

Kwenye picha alikuwa amekumbatia jiwe, anacheka meno yote nje. Kwenye jiwe, msalaba.

"Waryaa Nuh, hii ni nini?" Adeer aliniuliza, simu ya Weris ameishika kwa ncha za vidole kana kwamba inauma.

"Jiwe, Adeer."

"Jiwe naliona. Juu ya jiwe?"

"Mistari miwili."

"Iliyokatana! Nimwoze padri binti yangu?"

"Mapadri hawaoi, Adeer."

"Ndiyo maana ana haraka!"

Weris akatoka jikoni na mwiko, macho mekundu. "Aabo, muulize mwenyewe basi."

Tukapiga simu ya video. Hamse akatokea juu ya jukwaa la ujenzi, helmeti ya manjano kichwani, akaanza salamu.

"Wacha salamu. Onyesha shingo."

Akafungua kola. Hakuna cheni.

"Geuka. Haya, soma Fatiha."

Akaisoma hukohuko juu, upepo ukimpiga. Adeer alimfuatilia herufi kwa herufi, kama askari wa kizuizi anayekagua kitambulisho chako huku amekwisha kuamua ni cha uongo.

"Na huo msalaba?"

"Si msalaba, Adeer. Ni alama ya fundi. Tangu enzi zile kila mchongaji hapa alikata alama yake, ijulikane jiwe ni la nani. Mpaka leo ukihitimu unachagua yako."

"Kama chapa ya ngamia," nikadakia.

"Hasa. Nilitaka chapa ya baba. Ngamia wetu walikufa wote kwa ukame, ikabaki chapa tu. Wakubwa wa kazi wakanikatalia. Tayari iko ukutani, fundi fulani aliikata karne zile."

Adeer akasogeza simu puani. "Mjerumani? Alifika kwetu Wajir lini?"

"Hakufika. Zimefanana tu."

"Chapa hazifanani bure."

"Basi nikachukua nyingine." Hamse akaelekeza kamera kwenye jiwe. Kumbe duara la WhatsApp lilikuwa limekata picha. Chini ya ule msalaba palikuwa na mkia mdogo uliopinda kushoto. Msalaba wenye mkia huo ndio chapa iliyo shingoni mwa kila ngamia wa Adeer.

Adeer akaufuata ule mkia kwa ukucha juu ya kioo cha simu.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Niliogopa kuuliza."

"Huku, anayechukua chapa ya mtu hupelekwa kwa wazee."

"Ndiyo, Adeer."

Weris aliushika mwiko kwa mikono miwili.

"Na chenye chapa yangu ni changu. Jiwe langu linafanya nini kanisani?"

"Liko nje, Adeer. Limebeba mfereji wa mvua. Linapitisha maji tu."

Adeer akalitazama lile jiwe tena, akitafuta kosa.

"Maji si haramu," akasema mwishowe. Akamrudishia Weris simu. "Nikaha iko palepale. Lakini akija hapa, asikaribie moto wa kuchomea chapa. Huyu ataitia yangu kwenye ngamia wa watu, nifungwe mimi."