Namba Pekee Aliyoijua kwa Kichwa

Walimwita Chapchapu kwa sababu mikono yake ilitangulia, akili ikifuata nyuma ikihema. Mwenyewe alisema ni wivu tu.

Siku ile hakukuwa na wa kumwonea wivu. Ofisi ya maji ilikuwa imehamia jengo jipya, na kila meza imewekewa simu mpya, zile zinazopitisha sauti kwenye intaneti. Fundi mkuu alimwambia akiziwasha zote bila kutia aibu, ataajiriwa; akiboronga, majaribio yake yataishia hapo hapo mlangoni. Akamkumbusha pia azime simu yake ya mkononi, kisha akashuka chini kukagua nyaya.

Simu hizo hazipangwi mojamoja kama kulisha watoto. Unaandaa moja ya mfano, ukiridhika nayo unachukua mipangilio yake na kuzigawia nyingine zote kwa mkupuo kutoka kwenye kompyuta. Chapchapu akabonyeza. Simu zikazima, zikawaka, zikapepesa vitaa vya kijani jengo zima. Akajipongeza kwa chai.

Asubuhi ikasonga. Dada wa mapokezi akapaka rangi kucha za mkono mmoja, zikakauka, akahamia mkono wa pili. Hapo ndipo Chapchapu aliposhtuka. Ofisi ya maji isiyolia simu ni kama soko lisilo na kelele: lazima kuna jambo.

Akaikagua ile simu ya mfano, akaliona kosa. Jana yake, akijaribu kama inaweza kumwelekeza mpigaji kwenye namba nyingine, aliweka namba pekee aliyoijua kwa kichwa, ya shangazi yake mshonaji. Jaribio likafaulu, akafurahi, akasahau kuitoa. Sasa kila simu, kuanzia ya mkurugenzi hadi ya stoo, ilikuwa inampeleka mpigaji kwenye cherehani ya shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea. Namba hiyo alimkaririsha akimfunga vifungo vya shati la shule, asubuhi baada ya asubuhi: ukipotea, piga.

Akawasha simu yake, akapiga. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akaufuta ule mpangilio, akatuma upya kwa mkupuo, na kabla hajashusha pumzi meza zikaanza kulia kila upande. Safari hii shangazi akapatikana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiyo unaibuka? Simu yako umezima, nikamwomba mteja wenu mmoja namba ya ofisi, nikaipiga, naambiwa inatumika. Kumbe najipigia mwenyewe, mtu mzima na akili zangu."

"Sasa watu umewaambia nini?"

"Niwaambie nini, kwamba mwanangu kaboronga? Nimesema ofisi inahama, simu zinapangwa, acha ujumbe. Haya, andika."

Alikuwa ameandika yote kwa chaki ya kushonea juu ya kipande cha bitana. Bomba limepasuka nyuma ya zahanati, hilo ndilo la haraka. Mzee fulani anapata maji ya rangi ya chai. Mwingine alianza na matusi, shangazi akamuuliza kama na mama yake huongea naye hivyo. Akaomba radhi, akawasalimu wafanyakazi wote.

Chapchapu angeweza kunyamaza, simu zilikuwa zinalia vizuri. Lakini habari ya bomba la zahanati haikufichika. Akashuka ngazi mbiombio, akamweleza fundi mkuu bila kupunguza. Fundi mkuu kwanza aliwatuma watu wa mabomba, wakafunga maji yakiwa bado hayajaingia wodini. Kisha akamgeukia kijana wake.

"Umeharibu kwa mkupuo, umetengeneza kwa mkupuo, na umekuja kusema mwenyewe. Kazi umepata. Ila siku nyingine ukijaribu, weka namba yangu."

Jioni alimkuta shangazi akikung'uta bitana, vumbi la chaki likimrukia usoni. Chapchapu, ambaye hakukosa utani hata msibani, alisubiri mmoja umjie, haukuja. Akakaa kwenye kigoda, akamtungia uzi kwenye sindano kama zamani.

"Nimepata kazi, shangazi. Ahsante. Si kwa leo tu."

Shangazi akaipokea sindano, akaigeuza kwenye mwanga kuona kama uzi umepita sawasawa.

"Nilikwambia ukipotea, piga," alisema. "Sikukwambia uje na mji mzima."