Spika Mbili za Muntasir

Mume wangu Muntasir alipofariki, wanawake wa Ngamiani walikuja kunipa pole, wakazikuta spika mbili zimesimama sebuleni, nyeusi, kila moja kimo chake kinanifika kifuani. Wakashika midomo. "Mwamvua, haya madude bado yapo?" Yapo, niliwajibu, si ndio wake wenza wangu. Mume kafa, wao wamebaki.

Alizipata Kigombe, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na hoteli ya wapiga mbizi. Mzungu akafunga hoteli, akarudi kwao, na spika akamwachia Muntasir kwa bei ya kutupa. Kumbe bwana yule alijua anachokifanya! Spika zenyewe nzuri ajabu, lakini zina njaa. Ukizifunga kwenye redio ya kawaida zinanong'ona tu. Ukitaka zifungue koo, zinataka amplifaya yenye nguvu, inayosukuma umeme mwingi bila kuchoka, na amplifaya ya namna hiyo kwa bei yake unajenga choo na jiko. Muntasir alikuwa karani mstaafu wa bandari. Wapi na wapi?

Akaanza kutafuta za mtumba. Ya kwanza ilitoka Dubai ndani ya kontena, ikatoa moshi mbele ya wageni wa Idi. Ya pili aliinunua kwa watu wa kwaya, ina feni inayonguruma kuliko muziki wenyewe. Ya tatu ndiyo hii iliyobaki, ya Kijapani, ya zamani, nzito hata kuinyanyua ni kazi ya watu wawili. Hiyo ilikaribia. Akaitafutia na priampu, kiboksi kidogo kinachokaa mbele yake, cha kurekebisha sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya. Basi kila jioni anachuchumaa pale, simu mkononi, anawatazama mafundi wa ng'ambo wanavyosema, anageuza kitufe, anakirudisha. Wimbo unaanza, ngoma inaingia, tak! Amplifaya imejizima yenyewe isiungue.

"Mwamvua," alikuwa akiniambia, "siku nikizipatia, tutakaa wawili hapa tusikilize wimbo mmoja mpaka mwisho."

"Usiniingize," nilimjibu. "Mimi nina mchuzi motoni."

Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, Mungu amrehemu. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo kicheko cha nyumba hii kilikuwa chake yeye.

Nikakaa eda. Aliyewahi kukaa eda hahitaji kuelezwa, na ambaye hajakaa namwambia hivi: mwanzoni nyumba inajaa watu, masufuria na mikeka. Kisha mikeka inakunjwa, kila mtu na kwake, na wewe hutoki. Nilikuwa nawasikia majirani wakicheka uani kwao, nikatamani hata mmoja aje tugombane. Nilikuwa naongea na friji. Wallahi, naongea na friji, naiuliza imeamkaje.

Siku moja akaja shemeji yangu Taimur kutoka Mkwaja. Huyo ndiye ndugu pekee wa Muntasir, na kwa kuwa hakuna mtoto, warithi ni mimi na yeye. Nyumba ni yangu, niliachiwa na baba, haihusiki. Lakini vitu vya Muntasir ilikuwa vigawiwe eda ikiisha. Taimur alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya mlango, akazungumza kwa upole wake ule ule unaonikera.

"Shemeji, baiskeli nitachukua mimi, cherehani ubaki nayo. Spika je?"

"Spika niachie. Zote mbili, hapo hapo zilipo."

"Za nini, shemeji? Si mbovu? Kaka hakuwahi kumaliza wimbo hata mmoja."

"Zikimaliza wimbo?"

"Zikimaliza wimbo, nasamehe fungu langu, zikae kama alivyoziacha. Zisipomaliza, tugawane kama vitu vingine."

"Haya," nikasema.

Mtu ataniuliza, zile nilizoziita wake wenza nilizitakia nini? Nitamjibu. Ukiamka alfajiri ukakuta vimo viwili vimesimama sebuleni, mtu wako alivyovipanga kwa mikono yake, unaweza kwenda kuchemsha chai. Ukikuta patupu, utachemsha chai ya nani? Niliogopa patupu. Sikuwa na kingine cha kuogopa.

Nikamwita Kristofa, fundi redio mwenye kibanda chake Makorora, kijana wa Kibondei, mpole. Muntasir alikuwa akimsumbua huyo kila juma. Kwa kuwa nilikuwa edani hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, mimi ndani nyuma ya pazia, na mikono yangu ikawa ndiyo mikono yake.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Haya niambie, dawa ya hizi ni nini?"

"Dawa ni amplifaya kubwa zaidi, mama. Spika hizi ni mzigo mzito. Besi ikigonga, zinavuta umeme hadi amplifaya inazidiwa."

"Kubwa zaidi sina. Nipe dawa ya maskini."

Akacheka kule nje. Akaniagiza niitoe amplifaya kabatini ipate hewa. Nikaikokota kwa mgongo huu, we acha tu. Akaniagiza nikaze nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na kwenye priampu nipunguze besi hadi karibu na mwisho. Nikawa nachuchumaa pale pale kwa Muntasir, nasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kila kitufe, naye ananiambia huku, siyo huko, rudi kidogo.

"Sasa ijaribu kutwa nzima, mama, sauti iwe ya kutosha. Ikikata nipigie simu."

Nijaribu na nini? Mjane nikiwa edani nipige taarabu, Ngamiani hii? Wangesema Mwamvua kafurahi kufiwa. Nikafungulia redio ya mazungumzo. Taarifa ya habari, mawaidha, salamu za wagonjwa, kipindi cha kilimo cha mihogo, vyote nikavisikiliza. Sauti, jamani! Msomaji wa habari alikuwa kama amekaa katikati ya sebule, unamsikia hadi anavyomeza mate. Kutwa nzima haikukata. Nikampigia Kristofa, nikamwambia haikati. "Basi tumepatia, mama," akasema, na usiku ule nikalala fofofo.

Eda ikaisha. Taimur akaja na mkewe Rawan, nikawapikia wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, nikavaa vizuri. Sikujizuia, nilikuwa na furaha. Nikachomeka flashi ya Muntasir yenye ule wimbo wake, taarabu ya zamani, aliyokuwa akiifia. Fidla zikaanza. Taimur akafumba macho, nikaona kidevu kinamtetemeka, nikajua spika zimebaki, hazitoki hapa.

Ngoma ikaingia. Tak!

Nikaiwasha tena. Tak! Nikapunguza sauti, tak! Rawan akatazama sahani yake. Nikampigia Kristofa mbele yao, sauti yangu juu.

"Mama," akaniuliza taratibu, "siku ile ulijaribu na nini?"

"Na taarifa ya habari."

"Mama, habari haina ngoma."

Astaghfirullah. Kuona haya kwangu ndiko kulikoniponza. Ningepiga taarabu siku ile, wangenisema wiki moja wakachoka, na Kristofa angepata nafasi ya kutafuta njia nyingine.

"Shemeji, tulikubaliana," Taimur akasema.

"Zichukue zote basi! Zichukue, toka nazo!"

"Siwezi, nitakuwa nimekudhulumu. Fungu langu kisheria ni kubwa kuliko lako, lakini hapa tugawane sawa. Moja yako, moja yangu."

"Taimur, hizi ni jozi. Moja haina maana bila mwenzake."

"Mimi sitaki ya kupiga muziki. Nataka ya kumkumbuka kaka yangu." Na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Ningebishana naye vipi? Angekuwa mkorofi ningemtukana, nikashinda. Wakaifunga kwa khanga, wakaipakia kwenye gari, Rawan akasema itakaa vizuri pembeni ya televisheni.

Sikuigusa iliyobaki. Nilikuwa napita sebuleni nikitazama chini. Halafu asubuhi moja nikapandwa na hasira, sijui hata ya nani. Nikawasha kila kitu, nikairudisha besi yote kwenye priampu, nikageuza sauti hadi kitufe kikagoma, nikasema leo iungue niitupe jalalani. Fidla zikaja. Ngoma ikaja. Nikakaza meno.

Haikukata. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, vikombe vinatetemeka kabatini, haikukata. Mwimbaji nilimsikia kwa mbali tu, maana kumbe kila spika ina upande wake wa wimbo, na sauti yake ilirekodiwa upande uliokwenda Mkwaja. Wimbo ukafika mwisho wake. Sikuwahi kujua unaishaje.

Nikampigia Kristofa. "Imemaliza wimbo," nikamwambia.

"Na spika zote mbili?"

"Moja. Nyingine kaichukua shemeji."

"Basi ndivyo, mama. Mzigo umepungua. Amplifaya yenu siku zote ilikuwa inatosha spika moja, mbili ndizo zilizokuwa zinaishinda. Hongera."

Hongera! Nikakata simu. Nikakaa sakafuni nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko, nikalia kwa sauti maana hakuna wa kunisikia. Miaka yote ile mume wangu alitafuta kitu cha kuziweza mbili, ili tusikilize wawili. Flashi yake ilikuwa na wimbo huo mmoja tu, ukaanza upya wenyewe. Nikauomba ukate, angalau ngoma ikiingia, ukate kama enzi zake. Haukukata.