Jiko Ndani ya Banda la Vioo

Mume wangu Innes alipanda mahindi matamu mwezi Machi, theluji ikiwa bado imelala juu ya ukuta wa bustani. Nilimkuta chumbani kwetu anapanga vikopo dirishani, mikono imejaa udongo, anapiga mluzi.

"Innes, mapema mno," nikamwambia. "Huku kwetu mahindi yanaoteshwa ndani Aprili ikiishia, au Mei ikianza. Utayatoa nje lini? Jalidi, ile barafu ya usiku, haituachi mpaka Juni."

"Una mke wangu, niache bwana. Mwaka jana Murdo alinitambia na mahindi yake mpaka chakula kikanishinda. Safari hii atanitambua."

Murdo ni jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta. Wamekua pamoja hapa Moray, kaskazini mwa Uskoti, na hawajawahi kuacha kushindana.

Aprili ilipofika katikati, miche ilikuwa mirefu na myembamba, imejipinda kufuata mwanga kidogo wa dirishani. Mizizi ilikuwa inatokeza chini ya vikopo, na majani ya chini yalianza kuwa manjano. Mche wa mahindi hauvumilii kukaa kwenye kopo muda mrefu. Nami nilichoka kulala na shamba chumbani. Mei ilipoanza, Innes aliihamishia kwenye banda la vioo la kukuzia mimea nyuma ya nyumba.

Jioni moja redio ikatangaza jalidi. Hapakuwa na wingu hata moja, na kwetu mbingu safi ya mwezi Mei haimpi mkulima usingizi. Innes aliifunika miche kwa magunia, akaingia ndani, akatoka tena.

"Tangulia kulala," aliniambia. "Naja sasa hivi."

Nilipozinduka kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikapapasa upande wake wa kitanda. Shuka lilikuwa baridi.

"Innes?"

Jikoni hakuwepo. Nilichungulia dirishani, nikaona nyasi nyeupe pe kwa jalidi, na banda la vioo limejaa ukungu, vioo vyote vinatoka jasho. Kulikuwa na joto mle ndani. Lilitoka wapi? Nikageuka kutazama pembeni mwa mlango, pale tunapoweka jiko la mkaa la kuchomea nyama wakati wa kiangazi. Halikuwepo.

Nilikimbia miguu mitupu juu ya jalidi. Mlango wa banda ulikuwa mgumu, kumbe alikuwa ameuziba kwa mablanketi kwa ndani ili joto lisitoroke. Nikausukuma kwa bega hadi ukakubali.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo, kichwa kimeegemea rafu. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu mwenye afya tele, na wekundu ule ndio uliozidi kunitisha. Mbele yake makaa yalikuwa bado yanang'aa.

"Innes! Innes wee, amka!"

Nikabana pumzi, nikamshika kwapani, nikavuta. Hakusogea. Nikapiga yowe la kumwita Murdo, sauti ikatoka kama si yangu.

Murdo aliruka ukuta na nguo zake za kulalia. "Toka humo, Una! Utaanguka na wewe!" Akaingia, tukamburura pamoja mpaka kwenye nyasi. Murdo akapiga simu ya dharura, akaniwekea sikioni.

"Mama, tazama kifua chake," sauti ya mwanamke ikaniambia. "Kinapanda?"

"Sijui! Sioni!"

"Tulia, mama. Tazama tena. Usiondoe macho."

Nilitazama. Kwa kitambo ambacho sitaki kamwe kukirudia, sikuona kitu. Kisha shati likainuka kidogo. Likashuka. Likainuka tena.

Gari la wagonjwa likiwa bado njiani, Innes alitapika, akafumbua macho.

"Fungeni mlango," akasema kwa taabu. "Miche itaganda."

"Mpumbavu mkubwa wewe!" Murdo akafoka, machozi yanamtiririka. "Ufe kwa ajili ya mahindi? Si ungekuja nikupe yangu?"

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari alisema hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala haibishi hodi, na kwamba tungechelewa kidogo tu kumtoa, tungekuwa tunazungumza mengine. Innes alirudi nyumbani anaumwa kichwa, anasahau majina ya watu.

Miche yote ilikuwa imekuwa myeusi kwa baridi. Aliing'oa mmoja mmoja. Mimi nikachukua mbegu nyingine, nikazipanda kwenye vikopo, nikaviweka karibu na tangi la maji ya moto. Hatukuwa tumechelewa, ndio kwanza wakati wake ulikuwa umefika. Miche iliota upesi, minene na ya kijani kibichi, na Juni tukaitoa nje, tukaipanda kwa kusongamana ili upepo uipe chavua.

Septemba tulikula mahindi yale kwa siagi, sisi wawili na Murdo. Murdo alipokwenda zake, Innes alibaki anazungusha gunzi sahanini.

"Una, siku ile uliogopa sana?"

"Bado naogopa," nikamjibu.

Akanishika mkono, na hatukuwasha taa hata giza lilipoingia.