Sifa za Mshenga

Mzee Lutengano alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haipo hospitali yoyote: kusifia. Miaka ishirini aliuza mchele pale Mwanjelwa, na ukimsikiliza ungeamini kwamba mchele wake ukipikwa Mbeya, watu wa Makambako wananawa mikono. Wateja walicheka, wakanunua. Basi mpwa wake Samwel alipotaka kumwoa Veneranda wa Mlandege, Iringa, ukoo haukuhangaika kutafuta mshenga. Mdomo upo, utumike.

"Mjomba, nakuomba," Samwel alimwambia asubuhi ya safari, "sema ukweli tu. Nikimkosa Veneranda sijui nitakuwa mgeni wa nani."

"Niachie mimi," akajibu Lutengano. "Mimi nimeuza hata chenga za mchele."

Mlandege walipokelewa vizuri, yeye na mzee mwenzake Tadeo. Salamu ya "Kamwene," viti, chai ya maziwa, viazi vya moto. Msemaji wa wenyeji alikuwa Mzee Silvester, baba mkubwa wa binti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo. Pembeni alikaa Rozalia, shangazi mtu, kajitanda khanga. Kila mtu anajua posa inavyoanza: mwombaji hujishusha. Sisi maskini tulikuwa tunapita, tumeona ua zuri, tunaomba. Lutengano aliyaruka hayo yote kama dimbwi la maji.

"Kijana wetu ni injinia," alianza. "Ana nyumba ya vyumba sita. Gari lake mmeliona hapo nje. Wasichana wa Mbeya wanamgombania, lakini tukasema hapana, bahati hii tuwape watu wa Iringa."

Mzee Silvester aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Tunashukuru sana, mzee mwenzangu. Ila kwa mtu mkubwa namna hiyo, binti yetu hatoshi. Sisi ni watu wa jembe na sala. Veneranda akiingia kwenye vyumba sita atapotea humo humo. Karibuni chai."

Lutengano akadhani ni bei inavutwa, kama sokoni. Akaongeza sifa. Wenyeji nao wakazidi kunyenyekea, tena kwa tabasamu. Kadiri alivyompandisha Samwel ndivyo walivyomshusha Veneranda, mpaka watoto wale wawili wakawa mbali kama Mbeya na Iringa zenyewe. Tadeo alimkanyaga mguu mara mbili. Wapi!

Rozalia akainuka, akarudi na mfuko wa maharage, akauweka karibu na mlango. "Zawadi ya njiani," alisema kwa upole.

Hapo ndipo Lutengano aliposhtuka. Mgeni akipewa zawadi ya njiani kabla hajajibiwa, ameshajibiwa. Akauona moyoni uso wa Samwel aliyekuwa akimsubiri nyumbani, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akavua kofia, akashuka kwenye kochi, akakaa mkekani.

"Ndugu zangu, nimekosa," alisema. "Gari tumekodi. Vyumba ni viwili, vinne viko kwenye msingi na vimeota majani. Uinjinia wenyewe ni kutengeneza mafriji. Na hao wasichana wanaogombana, mimi sijawahi kuwaona."

Rozalia alificha kicheko kwenye khanga. "Sasa kimebaki nini?" akauliza Mzee Silvester.

Lutengano aliiweka kofia magotini.

"Kimebaki kimoja, na mwenyewe alinikataza nisikiseme. Mama yake, dada yangu, alilala kitandani miaka miwili kabla hajafariki. Samwel ndiye aliyekuwa akimfulia nguo zake, alfajiri, majirani hawajaamka, ili mama asione aibu. Mimi nimejua kwa sababu siku moja niliingia bila hodi." Akaigeuza kofia mikononi. "Hajamwambia mtu mpaka leo."

Rozalia akauokota mfuko wa maharage, akaelekea nao jikoni.

"Haya yanapikwa leo, wageni hawaondoki," alisema. "Chema chajiuza, kaka yangu. Wewe ulikuwa unakitembeza cha nini?"

Wakacheka wote, na Mzee Silvester akavuta kiti mbele. "Na sisi tuseme ya kwetu. Veneranda ana hasira za asubuhi. Na ugali wake una madonge."

Lutengano alifungua mdomo kusema kwamba ugali wa Samwel hauna mfano mkoa mzima. Akaufunga. Akanywa chai iliyopoa, na kunyamaza kule kulimchosha kuliko kubeba gunia.

Jioni alimpigia simu mkewe, Tupokigwe. Samwel alisikika akihema kando yake.

"Wamekubali," Lutengano alisema.

"Ee, Mungu! Uliwaambia nini?"

"Kidogo tu. Wao ndio waliozungumza."

Tupokigwe akauliza kwa wasiwasi, "Mume wangu, unaumwa?"