Sufuri ya Bibi Isabela

Kuna wanaoiba kuku, kuna wanaoiba waume wa watu. Bibi Isabela wa Chiungutwa aliiba sufuri. Na kwa elimu yake ya shule ya msingi, tena ya kuchungulia dirishani, akajiona kawazidi wapimaji wote wa Masasi.

Shamba lake la mikorosho limekumbatiwa na la Mudathiri, magharibi na mashariki. Vigingi vya mpaka mchwa walishavila. Lililobaki ni jiwe moja la zege kwenye kona ya magharibi, na hati yenye latitudo na longitudo za kona zote. Sasa Mudathiri akaanza kusema mkorosho wa mwisho upande wa mashariki, alioupanda marehemu Cuthbert mwaka waliooana, ni wake. Isabela alikuwa radhi kupoteza meno yake yaliyobaki, yote mawili, lakini si mti ule.

Mkamwana wake Yasinta, mke wa mwanawe Anderson na mwalimu wa hesabu Newala, akaja kuamua.

"Simu ukiisimamisha shambani hukosea mita kadhaa, mama. Nimeandika programu fupi. Inageuza digrii za kwenye hati ziwe mita: ngapi kwenda mashariki, ngapi kwenda kaskazini, kuanzia kwenye jiwe. Jiwe ndilo sufuri yetu. Kesho tunavuta futi."

"Kila kitu kinahesabiwa toka kwenye jiwe?"

"Kila kitu."

Shetani alipofika kumshauri, alikuta mwenzake ameshamaliza. Alasiri, Mudathiri akiwa msikitini, Isabela, ambaye mgongo wake ulikataa kupalilia wiki nzima, alilichimbua lile jiwe, akalikumbatia kama mchumba, akalisogeza magharibi, ndani kabisa ya shamba la jirani, ili lake linenepe. Shimo akalifukia kwa majani. Alilala akijikuna na kucheka. Kujikuna akasema ni viroboto.

Asubuhi futi ikavutwa. Kigingi cha mashariki kikachomekwa, na mkorosho wa Cuthbert ukabaki nje, kwa Mudathiri.

"Vuta tena!" akafoka Isabela. "Futi imelegea."

Wakavuta tena. Palepale.

"Basi hiyo programu yako imelewa uraka. Labda umekosea zile namba."

"Kosa la kawaida ni kusahau alama ya kutoa, maana sisi tuko kusini ya ikweta," alisema Yasinta akikagua simu. "Ningeisahau, shamba lingetokea Ethiopia."

"Afadhali Ethiopia kuliko kwa Mudathiri!"

"Kona zote zinaifuata sufuri, mama, kama vifaranga na mama yao. Sufuri ikienda magharibi, shamba zima linakwenda nayo. Halinenepi."

Isabela akageuka taratibu kutazama alichojipatia kule magharibi: kichuguu, na kichaka cha upupu.

"Mimi nimekubali vipimo," alisema Mudathiri, sauti laini kama mafuta ya nazi. "Chukua kichuguu, Mama Anderson. Mti niachie."

Isabela akajikuna shingo.

"Yasinta mwanangu. Jiwe likichoka kukaa hapa, likarudi kwao, mti nao unarudi?"

"Unarudi. Ila jiwe halina miguu, mama."

"Jana lilikuwa nayo. Hii hapa." Akanyoosha miguu yake myembamba.

Mudathiri alicheka mpaka akakaa chini. "Nilijua tangu asubuhi! Upupu uko kwangu tu, na wewe unajikuna kama mbuzi mwenye ukurutu. Haya, beba sufuri yako."

Isabela akalibeba jiwe mwenyewe, mgongo ukilia, kupita tena katikati ya upupu. Yasinta akavuta futi upya. Safari hii kigingi kiliuvuka mkorosho, kikaingia upande wa pili. Mti ulikuwa wa Isabela tangu mwanzo. Angelala tu, asingehangaika na jiwe.

"Nimeshindwa kwa haki," alisema Mudathiri, akanyoosha mkono wa amani.

Isabela alitamani sana kuupokea. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi: mmoja unakuna shingo, mwingine hausemeki unakuna wapi.