Faini ya Mtani

Mwanangu Hamisa aliniomba vitu viwili tu kwa ajili ya harusi yake: nimtengenezee kitanda kwa mikono yangu, na siku hiyo nisigombe na mtu. La kwanza halikunipa shida. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko kando ya barabara, na kitanda nilichomchongea ni cha mninga ambacho wenzangu walikuja kukipapasa wakaondoka kimya. La pili ndilo lililonitia mashaka. Mimi Hija Pazi hasira zangu ziko karibu, tena nazijua.

Ijumaa, siku moja kabla ya ndoa, nilikipakia kitanda kwenye kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, nikipeleke Gongo la Mboto kwa bwana harusi, ambako wanawake walikuwa wanakisubiri wapambe chumba. Nilipofika Vingunguti kamba ikalegea. Nikasimama pale pale niikaze, mahali pasiporuhusiwa gari kusimama. Wakaja vijana wa maegesho wakaniambia nisogee. Ningesogea, yangekwisha. Lakini mmoja aliniita "mzee" kwa sauti nisiyoipenda, nikaanza kumfundisha adabu. Nikiwa bado namfundisha, wenzake walishaifunga kirikuu nyuma ya gari la kuvuta, na kitanda cha mwanangu kikaenda zake huku nakitazama. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Kule yadi wanakozuilia magari, faini nililipa kwa simu bila ubishi, maana kosa lilikuwa langu. Dirishani alikaa dada mmoja, Farida. Akataka kadi halisi ya gari, na mimi nilikuwa na kopi. Akanieleza kwa upole kwamba wanafunga saa kumi na hawafungui tena mpaka Jumatatu, kwa hiyo niifuate upesi. Ilikuwa saa nane na nusu, muda ulikuwepo. Badala ya kumshukuru nikalipiga dirisha kofi, na niliyoyasema siyaandiki. Farida akalifunga faili langu, akalitia chini ya meza, akasema nirudi Jumatatu nikishapoa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikiona akilini chumba cha mwanangu kimepambwa kuta zote, na katikati mkeka.

Mlinzi wa getini, mtu mnene wa makamo, ndiye aliyeandika jina langu nilipoingia. Sasa akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Pazi. Mzaramo huyu. Kazoea kupiga ngoma, kaliona dirisha nalo kalipiga."

Watu wakacheka. Nikamwendea ngumi nimeikunja, naye hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Piga, mtani. Nitoke Tabora kote huko nije nipigwe na mla nazi, kwetu watacheka mwaka mzima."

Kumbe Mnyamwezi. Ngumi ikafunguka yenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu: akikutukana unacheka, akikunyang'anya unamwomba, na ukikasirika aibu ni yako. Siku ya kuzikwa bibi yangu, Mnyamwezi mmoja aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Baba yangu, ambaye hasira hizi nimerithi kwake, alicheka huku machozi yakimtoka.

"Ala, mbeba mizigo," nikamjibu. "Pembe za ndovu walizobeba babu zako umezitua wapi?"

Jonas, ndilo jina lake, akanishika mkono akanirudisha dirishani. Hiyo nayo ni kazi ya mtani, kusema pale ambapo mwenyewe mdomo umekuwa mzito. Akamweleza Farida kwamba Wazaramo wana akili, ila huchelewa njiani, na za huyu ndiyo zimefika sasa hivi. Kisha akanigeukia, nikajua zamu ni yangu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea."

Maneno hayo yalinitoka kama msumari wenye kutu. Farida akaliinua faili. Nikampigia mke wangu Zubeda, naye akaja na bodaboda, kadi ameifunga kwenye pindo la kanga, saa kumi kasoro dakika sita. Tukakabidhiwa kirikuu na kitanda chake, hakina hata mkwaruzo. Nilifurahi mpaka nikawapungia mkono wale vijana wa gari la kuvuta.

Zamu ya Jonas ilikuwa imekwisha, akapanda nyuma pamoja na kitanda bila kukaribishwa. Tulipofika Gongo la Mboto akaubeba ubao wa kichwani wa kitanda peke yake, akisema mbeba mizigo kaitwa kazini. Tulipomaliza kukiunga kitanda, akakaa katikati yake na kukunja miguu.

"Kitanda hiki kimeegeshwa pasiporuhusiwa," akatangaza. "Nakizuia mpaka faini ilipwe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Jonas akasema faini ataitaja mwenye kitanda. Hamisa alikuwa nyumbani anapakwa hina, kwa hiyo Zubeda akampigia, akamsimulia yote, akaweka sauti ya nje. Nilidhani atasema kuku.

"Baba asigombe kesho," akasema. "Hiyo tu. Toka asubuhi mpaka wageni waondoke."

Lile ombi lake la pili nililiona kama utani wa mtoto kwa baba yake, sikujua kuwa anaiogopa siku yake kwa sababu yangu. Iliniuma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikaikubali faini, Jonas akashuka kitandani.

Kesho yake pilau ikaungua. Mpishi niliyemchagua mwenyewe alikuwa anapiga soga, mpaka harufu ikafika kwa wageni. Kila mtu akageuka kunitazama mimi, sufuria hawakuitazama. Jonas, aliyejialika tena, alikuwa kwenye jamvi na sahani tupu mkononi, ananisubiri. Nikavuta pumzi, nikaenda jikoni, nikajipakulia, nikarudi kukaa kando yake.

"Mie napendaga ukoko," nikasema.

Ng'ambo ya pili, ndani ya shela lake, Hamisa akaangua kicheko kikubwa ambacho bi harusi hatakiwi kukicheka, na hakuna aliyemkataza.